Bangi Ilipokaa Uani: Historia ya Mmea Mmoja katika Nchi ya Kilosa

Mwezi wa Agosti 1857 msafara wa wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke ulivuka mbuga ya Mkata, ukaingia bonde la mto Mkondoa, mle mle inamopita leo reli ya kati ikitoka Kilosa kwenda Dodoma. Hali yao ilikuwa mbaya. Wazungu wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, punda walikufa njiani, wapagazi walitoroka, na baadhi ya vijiji walivyotarajia kununua chakula walivikuta vimeteketezwa na wateka watumwa. Katikati ya taabu hiyo Burton hakuweka kalamu chini. Kitabu alichokitoa mwaka 1860 kimejaa bei za shanga, majina ya vilima na malalamiko yake yasiyokwisha, na humo ndimo tunamokuta habari za mwanzo za maandishi juu ya bangi katika nchi hii.

Burton aliandika kama mtu anayeujua mmea huo. Aliwahi kuwa afisa wa jeshi huko Sindh, katika India ya wakati ule, na hakuona haya kukiri kwamba kule aliwahi kuuonja. Alipofika Ukutu, hatua chache kabla ya kuingia Usagara, nchi ya Kilosa, aliona bangi na mnanaha vikiota karibu na makazi ya watu. Waliivuta kwa kiko cha maji, akasema, kisha wakashikwa na kikohozi cha kupasua kifua. Kikohozi hicho kilimuudhi, kama kilivyowaudhi wasafiri wengine wengi waliolala kambi moja na wapagazi. Mmea wenyewe haukumshtua hata kidogo. Ulikuwa sehemu ya mandhari ya kijiji kama mtama na mibono.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu habari hiyo ndogo inatuonyesha bangi ilikuwa wapi. Ilikuwa nyumbani. Hongo za njiani, yaani ushuru wa kupita, zililipwa kwa nguo, shanga na waya. Mali iliyoshuka pwani ilikuwa pembe na watu. Bangi ilipandwa na kuvutwa mahali pamoja, na haikuhitaji kusafiri.

Ilifikaje bara? Asili yake ni Asia, na kwa watu wa pwani yetu mlango wake mkubwa ulikuwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1563 tabibu wa Kireno Garcia da Orta, aliyekaa Goa, alichapisha kitabu cha dawa za India na ndani yake akaeleza jinsi watu wa huko walivyoitafuna na kuinywa. Mmisionari João dos Santos, aliyehudumu Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliitaja kwa watu wa upande huo katika kitabu chake cha 1609, nao pia kwa kuila. Lakini Afrika ilikuwa na njia yake nyingine. Katika pango liitwalo Lalibela, Ethiopia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14 hivi, na uchunguzi wa maabara ukaona ndani yake mabaki ya bangi. Tumbaku ilikuwa bado haijatoka Amerika. Kwa hiyo India ilikula na kunywa, na upande huu wa bahari, licha ya walaji wa Sofala, ulijifunza kuvuta mapema, tena kwa kupitisha moshi majini.

Kiko cha maji kilikuwa chombo cha ufundi. Juu palikaa bori la udongo, lenye kubeba jani na kaa la moto. Chini yake digali, mwanzi ulioshusha moshi hadi ndani ya kibuyu chenye maji. Ubavuni shilamu, mwanzi wa kuvutia. Vyote vilipatikana kijijini bila senti moja: kibuyu kutoka shambani, mwanzi kutoka mtoni, udongo kwa mfinyanzi.

Na mmea wenyewe ulipatikanaje? Hili linataka maelezo kidogo, kwa kuwa historia yote inayofuata imesimama juu yake. Bangi ni mmea wa msimu mmoja. Mbegu ikipata unyevu huota ndani ya wiki moja hivi. Jinsia zake kwa kawaida hukaa katika mashina mawili: dume hutoa chavua na kunyauka mapema, jike hubaki na vichwa vya maua vyenye utomvu, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa. Katika nchi za kaskazini hungoja siku zifupike ndipo utoe maua. Kilosa iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hapa mmea haungoji kalenda ya jua. Miezi michache baada ya kupandwa unachanua. Mvua za masika zikiuotesha, kiangazi kinaukausha.

Halafu kuna tabia yake ya udongo. Bangi hupenda ardhi iliyovurugwa na kushiba: majivu, samadi, jalala, ukingo wa zizi. Mtaalamu wa mimea wa Kirusi Nikolai Vavilov, alipochunguza bangi-mwitu ya Asia ya Kati katika miaka ya 1920, aliona kwamba inaandama makambi ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Mbegu zikiangushwa penye takataka za kambi, zinaota zenyewe mwaka unaofuata. Mtu wa kijiji cha Usagara hakuhitaji kufyeka shamba la bangi. Mashina mawili matatu nyuma ya nyumba, penye majivu ya jiko, yalimtosha mzee mwenye kiko chake. Nadhani ndiyo maana wasafiri wa karne ya 19 waliiona uani na hawakuona mashamba ya bangi.

Msomaji atavumilia nikimtoa kidogo Kilosa, kwani kuna mtu mmoja anayeunganisha habari hii na Kongo. Mwaka 1881 Mjerumani Hermann Wissmann, akiwa na mwenzake Paul Pogge, alifika kwa Walulua wa Kasai, ambao watu wa wakati ule waliwaita Bashilange. Akakuta bangi imegeuzwa dini. Chini ya mtawala Kalamba Mukenge, watu waliojiita Bena Riamba, wana wa bangi, walikuwa wameacha pombe na silaha, wakaapa urafiki wao kwa wao, wakawa wanavuta pamoja usiku kutoka kibuyu kikubwa. Mkosaji aliadhibiwa kwa kulazimishwa kuvuta mpaka azimie. Si wote walioridhika. Wazee wa mila ya kale waliupinga mwendo huo, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Wissmann alihesabu faida. Watu hao walimpokea vizuri, na aliona kwamba kiko chao kilikuwa kimewafungulia wageni mlango.

Wissmann huyo huyo aliendelea na safari hadi Tabora, na Novemba 1882 akatokea Saadani, pwani yetu. Miaka saba baadaye alirudi akiwa na askari, akapigana na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, akapanda hadi Mpwapwa kujenga upya ngome, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1895 Wissmann akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ajabu ni kwamba gavana huyo aliifahamu bangi ya Waafrika kwa karibu kuliko maafisa wengi wa zama zake, na hakuiona kuwa adui.

Adui wa utawala mpya alikuwa kitu kingine: ardhi isiyotoa mali ya kusafirishwa. Mkoloni alikuwa ameanzia hapa hapa. Novemba 1884 Carl Peters alipita Useguha, Unguru na Usagara akikusanya alama za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma, na mmojawapo alikuwa Mangungo wa Msovero, jirani na kijiji cha Rudewa kwa upande wa kaskazini. Februari 1885 serikali ya Berlin ikazipa karatasi hizo ulinzi wake. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909. Mwaka huo wa 1907 mwenye viwanda vya nguo wa Württemberg, Heinrich Otto, alianza shamba kubwa la pamba Kilosa, akalima kwa majembe ya mvuke. Pamba haikumpa alichotarajia. Kilichokuja kushika tambarare ya Kilosa, Kimamba na Rudewa ni mkonge, uzao wa miche 62 iliyopona safari ya kutoka Florida na kupandwa karibu na Pangani mwaka 1893.

Mkonge ulileta manamba. Walitoka mbali, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, watu wa Ruanda-Urundi, wakapangwa kwenye makambi ya shamba, mbali na wazee wao na uani mwao. Hapa bangi ilipata maisha ya pili. Mtu wa kambini hakuwa na nyuma ya nyumba ya kupandia, na jioni baada ya kukata mkonge alikuwa na ujira mkononi. Jani likawa na mnunuzi. Kusini mwa Afrika, ambako mambo haya yameandikwa zaidi, waajiri wa migodini waligawanyika: kuna waliolalamika kwamba bangi inaharibu kazi, na kuna waliofumba macho maadamu kazi inafanyika. Sidhani mameneja wa mkonge walikuwa watu wa aina nyingine.

Uamuzi uliobadilisha mambo haukutoka kwa mameneja wala kwa machifu. Ulitoka Geneva. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini iliiomba Jumuiya ya Mataifa iiweke bangi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Mkutano wa kasumba ulipokutana mwishoni mwa 1924, mjumbe wa Misri, daktari Mohamed El Guindy, alisimama na kudai kwamba hashishi ndiyo chanzo cha asilimia 30 hadi 60 ya wendawazimu wa nchi yake. Hesabu hiyo haikuwa na msingi wa kuaminika, lakini wajumbe wengi hawakuwa na hesabu nyingine ya kuipinga. Mkataba ulitiwa saini tarehe 19 Februari 1925, na bangi ikawa ndani. Hakuna Mkutu, Msagara wala Mkaguru aliyeulizwa, ingawa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Jumuiya hiyo hiyo, ikitawaliwa na Uingereza.

Sheria ya kikoloni iliyoigusa nyumba ya mkulima moja kwa moja ni ile ya kukataza kilimo cha mimea yenye madhara, Sura ya 134 ya sheria za Tanganyika. Jina lake lenyewe ni la bwana shamba, la mtu anayewinda magugu. Ilidumu kuliko walioitunga. Uhuru ulikuja 1961, Jamhuri 1962, Muungano 1964, na Sura ya 134 ikaendelea kutumika mahakamani.

Ukizipitia hukumu za Mahakama Kuu za miaka ya 1960 na 1970 unaona jinsi mmea wa uani ulivyogeuka kuwa ushahidi. Polisi wamekuja kutafuta kitu kingine, wakaona mashina nyuma ya nyumba. Je, ni ya nani, ya mwenye nyumba au ya ndugu yake? Alijua yako pale? Yalipandwa au yaliota yenyewe? Swali hili la mwisho si la mzaha, tukikumbuka tabia ya mmea wa kuota jalalani bila kuitwa. Na swali lililowasumbua majaji zaidi: nani amethibitisha kwamba majani haya ni bangi? Askari kuyanusa kunatosha, au lazima mtaalamu? Adhabu nyingi zilikuwa faini au miezi kadhaa jela. Mkulima alitoka, akarudi kijijini, na watu wakajua nini cha kutofanya: usipande mahali ambapo mashina yanaweza kuhesabiwa kuwa yako.

Hivyo bangi ikaondoka uani. Kwanza ilihamia katikati ya mahindi, ambako mashina machache hufichwa na mabua marefu. Lakini mahindi huvunwa, na bangi inabaki imesimama peke yake. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, iliyowahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwapanga mistari kwa mistari kando ya barabara. Makusudi yake yalikuwa shule, maji na zahanati. Moja ya matokeo yake ni kwamba kila uani ulionekana na jirani, na balozi wa nyumba kumi alijua kilichopandwa nyuma ya kila nyumba. Mashamba ya zamani yalibaki mbali na macho, milimani na mabondeni. Mwenye kutaka kupanda alijua pa kwenda.

Mahitaji ya mjini nayo yalikuwa yamekua. Msokoto wa karatasi ulikuwa umekwisha kuchukua nafasi ya kibuyu, na mzee wa kiko akabaki hadithi. Ukishabeba mzigo hadi msituni na kulipa mtu wa kulinda, mashina mawili hayana maana. Unapanda ekari. Na ukitaka kuvuna nje ya masika, msimu ambao bei ni nzuri, unatafuta maji yasiyokauka, yaani chemchemi na kingo za vijito ndani ya hifadhi.

Bunge lilitunga sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 1995, na Sura ya 134 ikafutwa. Mwaka 2015 ikaja kali zaidi, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyounda Mamlaka yenye jina hilo hilo. Chini yake mtu anayepatikana na hatia ya kulima bangi anaweza kufungwa miaka 30. Mamlaka ilitangaza kukamata karibu kilo milioni 2 za dawa za kulevya katika mwaka 2023, sehemu kubwa ikiwa bangi, na Morogoro hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa inayoilima, pamoja na Arusha, Mara, Iringa na Ruvuma.

Operesheni moja mkoani Morogoro ilipanda milima ya Uluguru hadi kando ya mto Mbakana, ambako maofisa walifyeka na kuchoma mashamba yaliyopandwa kwenye vyanzo vya maji. Lugha yao ilikuwa mpya. Walizungumzia misitu iliyokatwa, maji yaliyochepushwa, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji linalotegemea mito ya milima hiyo. Hasira yao ina haki. Mto ukikauka, anayeumia ni mkulima wa mpunga wa chini. Ila mwanahistoria hawezi kuacha kuuliza mmea ulifikaje kwenye chanzo cha maji. Bangi ya Burton haikuharibu mto wowote. Ilikuwa inakunywa maji ya kuoshea vyungu. Sheria zilizofuatana kwa miaka mingi ziliupa umbali thawabu. Kadiri adhabu ilivyopanda, ndivyo shamba lilivyosogea juu ya mlima na kupanuka, na ndivyo mzee wa mashina mawili alivyomwachia nafasi mtu mwenye mtaji. Simtetei mvutaji wala muuzaji. Wazazi wa vijana walioharibikiwa wanajua wanachosema. Nasema tu kwamba uharibifu wa misitu ni mtoto wa kuficha.

Majirani wamechukua njia nyingine, na si ya kurudisha mmea uani. Malawi ilipitisha sheria ya bangi ya tiba na viwanda mwaka 2020. Rwanda ilikubali mwaka huo huo kilimo cha kusafirisha nje, huku kuvuta kukibaki kosa kwa raia wake. Uganda ina makampuni yaliyopata ruhusa ya kulima Kasese, na Mei 2023 Mahakama yake ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya kwa kuwa ilipitishwa bila akidi bungeni, ikabidi itungwe upya. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye kundi la dawa za hatari kupita zote. Wanaofaidika na leseni hizo ni wenye uzio, walinzi, maabara na mnunuzi Ulaya. Mkulima wa jembe la mkono hayumo. Tanzania haijafuata njia hiyo.

Ukipita leo barabara ya Dumila kwenda Kilosa, Rudewa inakupokea kwa mahindi, mpunga na mistari ya mkonge, mwingine ukiwa wa kampuni ya Kichina iliyonunua mashamba ya zamani karibu na mwaka 2000. Mjadala wa bangi uko juu zaidi, milimani, na kwa sasa umegeuka kuwa mjadala wa mazao mbadala. Huko Uluguru watu wanahimizwa kupanda karafuu, mdalasini na iliki. Ni mazao mazuri, na yanaipenda mvua ya kule. Ila mkarafuu huhitaji miaka sita hadi minane kabla ya kutoa mavuno ya maana, na bangi inakomaa kabla ada ya muhula wa pili haijadaiwa. Anayegawa miche ya karafuu milimani ataulizwa, hata kama hajajiandaa kujibu, familia itakula nini katika hiyo miaka ya kungoja.